Red House: Nyumba ya Maharusi

Siku hiyo mimi na mume wangu tulikuwa tumenuniana. Sababu? Ramani ya nyumba yetu. Yeye anataka ghorofa, mimi nataka baraza pana na jiko lenye hewa. Tukapanda treni kutoka London hadi Bexleyheath, kila mtu kimya.

Tulikwenda kuiona Red House. William Morris, msanii wa Kiingereza, aliijengesha akiwa na miaka 25 tu, baada ya kumwoa Jane Burden mwaka 1859. Aliyeichora ni rafiki yake, Philip Webb, na ndiyo nyumba ya kwanza Webb kupewa kazi kwa jina lake mwenyewe.

Nilipoiona tu, nikasahau kununa! Enzi hizo wenye nazo wengi walipiga lipu kuficha matofali. Webb aliyaacha wazi, mekundu, hata ndani kwenye mahali pa kuotea moto. Paa lina mteremko mkali wa vigae, kama la nyumba kongwe za wakulima. Madirisha hayafanani: kuna marefu, kuna ya duara, kila moja kwa mahitaji ya chumba chake. Hata jiko linaangalia bustani.

"Umeona jiko?" nikamchokoza mume wangu.

"Nimeona. Na vyumba vikubwa vinaangalia kaskazini, jua hakuna. Baridi hiyo!"

Hapo alinipata.

Kilichonigusa zaidi ni kitambaa cha bluu. Jane alikiona dukani London, akakinunua. William akachora maua, kisha wakadarizi pamoja kwa ajili ya chumba chao cha kulala. Kazi ya kuipamba nyumba hii, wakisaidiwa na marafiki, ndiyo iliyozaa kampuni yao ya samani na mapambo mwaka 1861.

Lakini nyumba ina umbo la herufi L, na pembeni mwa kisima upande mmoja uko wazi. Walipanga kuongeza sehemu ili rafiki yao, mchoraji Edward Burne-Jones, ahamie na familia yake. Mwaka 1864 mke wa Burne-Jones akaugua, mtoto wao mchanga akafariki, mpango ukafa. Morris naye akashikwa na baridi yabisi, safari za London zikamchosha, pesa zikapungua. Mwaka 1865 wakahama. Waliishi humo miaka 5 tu. Baadaye ndoa ikapata nyufa, ingawa hawakuachana mpaka William alipofariki mwaka 1896.

Nyumba bado imesimama, na tangu 2003 inatunzwa na National Trust.

Kwenye treni ya kurudi tulikaa kiti kimoja. Mume wangu akatoa kalamu, akachora baraza nyuma ya tiketi. Mimi nikaongeza dirisha la jiko. Ghorofa? Bado tunabishana. Ila sasa tunachora wote.

Je, wewe na mwenzio ramani yenu mnaichora wawili?