Ubao Wenye Tanga Katika Maji ya Matema

Msomaji mpenzi, kama hujapata kufika Kyela, funga mzigo twende pamoja. Tutoke Mbeya asubuhi, tupite Uyole, tupande penye baridi na mashamba ya viazi, kisha tuteremke Tukuyu kwenye chai na migomba. Baada ya hapo barabara yaanza kuinama kweli kweli. Masikio yataziba, na koti ulilolisifu asubuhi utalivua na kuliweka magotini. Tukuyu iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko meta 475 hivi. Kwa hiyo katika safari fupi utakuwa umeshuka kilometa moja nzima kwenda chini, na joto la Kyela litakupokea kama mtu aliyefungua tanuri.

Kyela ni nchi tambarare ya mpunga. Mchele wake hauhitaji kusifiwa hapa, maana hata wauzao mchele wa kwingine hupenda kuuita wa Kyela. Penye nyumba utaona kakao imeanikwa juu ya mikeka, na michikichi imesimama nyuma ya uwanja. Mvua ni nyingi mno. Mwezi wa Aprili mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa, na ukija wakati huo, uje na viatu ambavyo hutavililia. Ukimsalimu mtu asubuhi, sema “Ugonile”, naye atakufurahia hata kama huna neno la pili la Kinyakyusa.

Tukipita Ipinda twafuata lami mpaka Matema, na hapo nchi yakoma ghafula. Mbele yako ni mchanga na maji. Mkono wa kushoto Milima ya Livingstone yashuka moja kwa moja ziwani, mirefu zaidi ya meta 2,000, wala haikuacha nafasi ya barabara. Wenyeji wa Ikombe, walio ng’ambo ya mwamba huo, huja kwetu kwa miguu juu ya mawe au kwa mtumbwi. Ni Wakisi, mafundi wa vyungu. Siku ya Jumamosi akina mama hufika na vyungu vyao kwenye soko la Lyulilo, karibu na Matema, vimepangwa ndani ya mtumbwi kama mayai katika kikapu, wala hakuna kinachovunjika.

Mtumbwi wenyewe wastahili kutazamwa. Ni gogo moja lililochongwa, mdomo wake mwembamba hata mtu mzima hawezi kukaa ndani. Hukaa juu ya ukingo, miguu ndiyo iliyomo. Chini ni mviringo kama chupa. Mtoto wa pwani ya ziwa hujifunza kuukalia kabla hajajua kusoma, naye akikaa miaka kumi mjini, siku ya kurudi humtupa majini mbele ya wadogo zake. Nimeona hayo mara nyingi, na vicheko vyake nimevisikia.

Nakueleza mtumbwi huu makusudi, kwa kuwa leo nataka kukusimulia habari za chombo kingine, ambacho nacho humtupa mtu.

Hicho ni ubao wa tanga. Mtu husimama juu ya ubao uliolala majini, ameshika tanga kwa mikono miwili, na upepo humpeleka. Hakuna usukani, hakuna kafi. Mlingoti umeungwa na ubao kwa kipande cha mpira kinachopinda kila upande. Ukiulaza mlingoti kuelekea mbele, ubao hugeuka kuufuata upepo. Ukiulaza nyuma, hugeuka kuuelekea upepo. Basi, usukani wote ndio huo. Mchezo huu ulienea kutoka California, Marekani, ambako mabwana wawili, Jim Drake na Hoyle Schweitzer, waliomba hataza ya chombo chao mwaka 1968. Mwaka 1984, katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, ulishindaniwa kwa mara ya kwanza.

Mimi niliujua Unguja. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, kabla ya kwenda chuo cha ualimu, nilikaa kwa ndugu yetu mmoja huko Jambiani, nikapata kibarua cha kuosha na kubeba vyombo vya wageni. Jioni tuliruhusiwa kuchukua vilivyochakaa. Ubao niliopewa ulikuwa mwembamba, haukufika sentimeta 60 kwa upana. Upepo wa kusi ukivuma sana ulikwenda kama mshale. Upepo ukilegea, ulizama pamoja nami mpaka kiunoni, nikarudi kwa kuogelea nikiuvuta. Kuusimamia kulitaka miezi, na ngozi ya viganja. Nikaupenda hivyo hivyo. Kisha ikaja chaki, na baadaye daftari za ubatizo na za ndoa katika ofisi ya parokia, na miaka kumi na sita ikapita mwili ukiwa kitini.

Mwezi wa Septemba uliopita wageni wawili, mzee Mholanzi na mkewe, walivuka mpaka wa Kasumulu kutoka Malawi na gari lenye ubao juu ya paa. Walipiga hema Matema kwa siku tano. Nilikwenda kumsalimu, nikitazama ubao zaidi ya nilivyomtazama yeye, akacheka. Akaniambia kwamba naye aliacha mchezo huu kwa miaka ishirini kwa ajili ya mgongo, akaurudia alipofika sitini, kwa sababu mbao zimebadilika.

Kweli zimebadilika. Ubao wake ulikuwa mfupi kuliko ule wangu wa zamani, meta mbili na nusu hivi, lakini upana wake ulipata sentimeta 80. Wenyewe huuita friraidi, yaani ubao wa kwenda utakako, si wa mashindano. Ujazo wake ni lita 140. Namba hiyo nilimwomba anieleze, nami nakueleza kwa lugha ya nyumbani: fikiri madumu saba ya lita ishirini, matupu, yamefungwa pamoja. Yanaweza kubeba mtu wa kilo 75 pamoja na tanga lake bila kuzama, upepo uwepo usiwepo. Hilo ndilo lililokosekana katika ubao wangu wa Jambiani. Tanga nalo ni jepesi, halinywi maji kama yale ya zamani ya kitambaa. Na kiunoni hufungwa mkanda wenye ndoano, ili uzito uchukuliwe na mwili wote, mikono ipumzike. Kwa karani wa miaka thelathini na sita, mkanda huo si kitu kidogo.

Mzee akasema, “Kesho asubuhi uchukue, ujaribu.”

Hapo likaja jambo ambalo halimo katika ubao wala tanga. Nilipomweleza mama nyumbani, aliweka chini ungo wa mchele. Mjomba wangu, kaka yake, alifia ziwani nilipokuwa darasa la tatu. Mtumbwi wake ulionekana jioni ile ile. Yeye alionekana siku ya tatu. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, “Mwanangu, nina watoto wanne na kaka hakuna. Nani amekuambia maji yamekwisha kumsahau mtu wa nyumba hii?” Sikuwa na jibu, nikakaa kimya. Mwisho akasema: “Nenda kwanza kwa mzee wa nyavu. Akikubali yeye, nitakuja kukaa ufukoni.”

Mzee wa nyavu ni jirani yetu, mvuvi wa usipa tangu ujana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza neno moja: “Saa ngapi?” Nikamwambia asubuhi. Akatikisa kichwa.

Msomaji, mambo aliyonieleza yafaa kujulikana na kila mgeni ajaye kuoga Matema. Usiku hewa ya milimani hupoa, ikashuka kwenda ziwani, na upepo huo huendelea mpaka asubuhi. Wavuvi huupenda, maana huwasaidia kwenda kwenye nyavu. Lakini kwa mtu asiye na kafi, upepo huo ni wa kumchukua na kumpeleka katikati, na ziwa hili lina kina cha meta 700 na ng’ambo ya mbali. Mchana nchi kavu ikipata moto upepo hugeuka, ukatoka ziwani kuja pwani. Huo ukikushinda, hukurudisha mchangani kwa mama yako. Zaidi ya hizo kuna mwera, upepo wa kusini mashariki, ambao huwa mkali hasa kuanzia Mei mpaka Agosti. Ziwa lina urefu wa kilometa 580 hivi, nasi tuko kwenye ncha yake ya kaskazini. Kwa hiyo mwera hufika kwetu umekwisha kusukuma maji njia nzima, na mawimbi yake yamekomaa. Mjomba alikutwa na huo. Tena, mzee akasema, usisogelee midomo ya mito, hasa Lufilyo: mamba hawajui mchezo.

“Saa nane ya mchana,” akamaliza, “tena uende sambamba na pwani, usiielekeze kichwa Malawi. Mitumbwi ya Ikombe usiiache isionekane.”

Yule Mholanzi nilipompa maneno hayo hakubisha hata kidogo. Alichukua kitabu chake kidogo akayaandika.

Basi saa nane tulikuwa pwani. Upepo ulikuwa wa wastani, vilele vya mawimbi vyeupe hapa na pale. Nilivaa jaketi la kuokolea. Mama alikaa chini ya mwembe, khanga begani, mzee wa nyavu kando yake. Watoto sikuwahesabu.

Nilipanda ubao kwa magoti, nikasimama, nikangoja unitupe. Haukunitupa. Ulitulia chini ya nyayo kama kizingiti cha nyumba. Nikaivuta kamba, tanga likatoka majini, likajaa, na miguu ikakumbuka yenyewe mambo ambayo kichwa kilikuwa kimekwisha kuyaweka kabatini. Nilianguka mara tatu siku ile. Jambiani nilikuwa naanguka mara tatu kabla ya kumaliza kusema neno. Mara ya nne kupita upepo uliongezeka, ubao ukainuka, ukaacha kuyakata maji ukaanza kuteleza juu yake. Sauti hubadilika hapo: maji huacha kugugumia, yakawa kama mchele unaomwagwa juu ya bati. Upande mmoja niliona milima, upande mwingine niliona vyungu. Mama mmoja wa Kikisi aliacha kupiga kafi, akanitazama nikipita, akasema kitu kwa mwenzake, wakacheka wote wawili. Ningependa kujua alisema nini.

Karibu saa kumi upepo ulikata. Ulikata ghafula, kama desturi yake chini ya milima ile, nami nilikuwa kama meta 300 kutoka mchangani. Pwani nilimwona mama amesimama. Kwa ubao wa zamani hapo ningekuwa ndani ya maji, kichwa tu juu. Kwa huu nililaza tanga nyuma, nikalala kifudifudi, nikapiga maji kwa mikono kama mtoto aliyepanda gogo la mgomba. Ilichukua dakika ishirini hivi, na sikulowa zaidi ya nilivyokuwa. Nilipofika, mama alikuwa amekwisha kaa tena, akijifanya anaongea na mzee habari za kakao.

Nilikwenda tena siku mbili zilizofuata, saa ile ile ya mchana. Bei ya chombo chote, kikiwa kipya, niliiuliza, na sitaiandika hapa ili usiache kusoma. Ng’ombe kadhaa wazuri wangeondoka zizini. Kwa hiyo sisemi kwamba Matema itajaa mbao hizi mwakani. Wageni husafiri nazo, na ukimkuta mmoja mwungwana, jaribu, lakini baada ya kuonana na mwenye nyavu wa mahali hapo. Ukitaka kuja kutazama ziwa tu, njoo kati ya Juni na Oktoba njia zikiwa kavu, na siku ya Jumamosi uwahi Lyulilo ununue chungu.

Siku ya kuondoka wale wageni, mzee wa nyavu alikuja mapema akaomba kuonyeshwa ule mpira unaounga mlingoti na ubao. Aliupinda huku na huku kwa muda mrefu. Mitumbwi yetu ya upande huu huendeshwa kwa kafi tu, haina tanga. Alipima kwa shibiri upana wa ubao, kisha akaenda kwenye mtumbwi wake akapima na huo. Akarudi akauliza kama mpira wa gurudumu la lori ungefaa.