Maji ya Garissa, Malezi ya Mwatiko

Tulimpelekea mwenyeji wetu mjini Garissa ng'onda wa mwatiko tuliowanunua Malindi. Katika mji ambao nyama ya mbuzi na ya ngamia ndiyo kitoweo cha heshima, zawadi hiyo ilipokelewa kwa tabasamu na kwa tahadhari pia, kwani miiba ya samaki huyo haihesabiki. Alasiri tulisimama na watoto ukingoni mwa Tana, karibu na daraja, na mmoja wao akauliza iwapo samaki yule alivuliwa humo mtoni. Tukamjibu la. Kisha tukajirudi, maana jibu lile lilikuwa nusu ya ukweli.

Mwatiko ni samaki wa maji ya chumvi. Mwili wake hung'aa kama fedha, mkia wake umepasuka kama mkasi, na kinywani hana jino hata moja. Hata hivyo wavuvi wa mshipi wamjua kwa ukaidi wake anaponasa, naye aweza kupita urefu wa mita moja. Jike hutaga mayai kwa mamilioni, usiku, nje karibu na miamba ya matumbawe, asiyaone tena. Mayai huanguliwa baada ya kama siku moja. Vitoto, vinavyopenya nuru kama kioo, huelea wiki mbili au tatu hadi vifike pwani na kuingia katika vijito vya mikoko. Huko ndiko kwenye malezi: maji ya vuguvugu, chumvi iliyochanganyika na tamu, na utando wa mwani juu ya tope ndio chakula chao. Wakishapata nguvu hurudi baharini, na hupita yapata miaka mitano kabla hawajaanza kutaga.

Sasa, mikoko ya Kipini, pale Tana inapoingia baharini, huishi kwa maji matamu na udongo upitao chini ya daraja hili la Garissa. Tangu bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981, udongo mwingi hutuama huko juu, na mafuriko hayaji tena kwa desturi yake ya kale. Delta ya Tana iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, nasi twashukuru; lakini kiasi cha maji kinachoifikia huamuliwa mbali sana na pwani.

Tuliyaeleza haya kwa mtoto kadiri tulivyoweza. Akatupa kijiti mtoni, akauliza kitafika Kipini lini. Tulipokaa kula usiku ule, mwatiko alikuwa amekwisha kuungwa kwa nazi tulizokwenda nazo, na mama mwenye nyumba akiwatolea wadogo miiba, mmoja mmoja.