Ada, Akiba na Daftari: Bodi ya Wenye Nyumba Texas na Mchango wa Mtaa Nyumbani

Katika jimbo la Texas ninakoishi, mtu anaponunua nyumba katika mitaa mipya hununua vitu viwili kwa pamoja: hununua kuta na kiwanja kwa mwenye kuuza, na papo hapo, apende asipende, huingia katika jumuiya ya wenye nyumba, ambayo wenyeji huiita kwa herufi tatu, HOA, na ambayo masharti yake yalikwisha kusajiliwa katika daftari la ardhi la wilaya kabla yeye hajaota kuwa na nyumba. Kwa masharti hayo hukubali kulipa ada, kupaka nyumba yake rangi iliyoidhinishwa, kutoacha nyasi zikapita kimo, na kutii bodi ya majirani wachache waliochaguliwa kwa kura na wasiopokea ujira. Zaidi ya Wamarekani milioni sabini wanaishi chini ya jumuiya za namna hii, na ndugu zetu wengi waliohamia Houston na Dallas wamejikuta raia wa serikali hii ndogo, ambayo walipokuwa Temeke au Likoni hawakupata kuisikia.

Malalamiko yanayosikika sana katika harusi na matanga yetu huku ughaibuni ni ya nyasi na rangi: fulani kaandikiwa barua kwa sababu ya pipa la taka lililolala mbele ya nyumba, fulani katozwa faini kwa gari bovu. Hayo ni maudhi, na maudhi husahaulika. Jambo lenye uzito ni fedha, kwa kuwa bodi hushika amana ya watu mamia ambao hawakuchaguana kuwa majirani, na sijui kitu kinachovunja ujirani upesi kuliko mfuko wa pamoja ambao hapana ajuaye una kiasi gani ndani yake.

Kila mwaka bodi hutengeneza makisio ya mapato na matumizi. Katika jumuiya iliyopangika fedha hukaa katika mifuko miwili isiyopasa kuchanganywa: mfuko wa matumizi, unaowalipa wakata nyasi, umeme wa taa za njiani, bima, dawa ya bwawa la kuogelea na ujira wa kampuni ya usimamizi inayoandika barua na kukusanya ada, na mfuko wa akiba, ambao mwaka huu haulipii kitu chochote, bali hungoja lami, uzio, paa la ukumbi na pampu, kila kimoja kwa umri wake, vije kuchakaa. Wajumbe wa bodi ni watu wenye kazi zao mchana, mwalimu, muuguzi, fundi umeme, na kwa hiyo sheria haikutegemea elimu yao ya hesabu wala ucha Mungu wao, bali imewazungushia taratibu. Sura ya 209 ya sheria ya mali ya Texas yataka tangazo la kikao cha kawaida cha bodi litolewe saa 144 kabla ya kikao; yakataza bodi kuongeza ada, kupitisha bajeti au kutoza mchango maalumu kwa siri, pasipo kikao kilicho wazi kwa wanachama; yaamuru mkataba wa huduma unaozidi dola 50,000 uitishiwe zabuni; na yataka vitabu vya hesabu vihifadhiwe miaka saba, ili mwanachama yeyote aweze kuandika barua na kuomba kuvikagua.

Haki hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishangaza kuliko zote, si kwa kuwa imeandikwa, maana hata kwetu yameandikwa mengi, bali kwa namna inavyotumiwa bila mtu yeyote kukunja uso. Nimehudhuria kikao ambamo bibi mmoja mzee, mhasibu mstaafu, aliuliza kwa nini gharama ya maua ya langoni imepanda na ya taa imeshuka, akadai risiti, akaahidiwa kuletewa, kisha akamwuliza mhazini habari za wajukuu wake. Hapakuwa na aliyedhani kwamba mhazini ametukanwa. Kuuliza hesabu kwao ni sehemu ya ibada ya kikao, kama kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, na mhazini mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwani swali ndilo linalompa ithibati mbele ya hadhara.

Nyumbani mambo ni mengine. Tunapochangia ulinzi, au kifusi cha kujaza barabara ya mtaa baada ya masika, au mtaro uliozibwa na taka, fedha hukusanywa nyumba kwa nyumba na mjumbe anayetujua kwa majina na kwa majina ya baba zetu, huandikwa katika daftari la shule lenye jalada lililochanika, na mwisho wa shughuli hutangazwa kwamba kazi imekamilika, jambo ambalo kila mwenye macho ameliona. Atakayeinuka kuuliza salio liko wapi hatazamwi kama mwanachama anayetumia haki yake. Hutazamwa kama mtu anayemtuhumu mzee wa watu kwa wizi, na pengine kabla ya magharibi mke wake ataulizwa kisimani au dukani mumewe ana nini na mwenyekiti. Sheria zetu za serikali za mitaa na vijiji zataka mapato na matumizi yasomwe mkutanoni, na pengine husomwa. Lakini kati ya kusoma na kuulizwa pana bahari, na haya yetu, ambayo katika mambo mengine ni pambo, hapa imewafaa wajanja kuliko wema.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba karatasi peke yake hulinda mali. Mwezi Novemba 2022, huko Miami-Dade katika Florida, viongozi wa Hammocks, moja ya jumuiya kubwa kabisa katika jimbo hilo, walikamatwa na kushitakiwa kwamba wamejipatia zaidi ya dola milioni mbili za wanachama kwa njia ya mikataba ya hila, na haya yalitokea chini ya sheria iliyokuwa na haki ya kukagua vitabu tangu zamani. Wakazi walikuwa wamelalamika kwa miaka kabla ya serikali kusikia. Mwaka 2024 Florida ilitunga sheria mpya inayozitaka jumuiya zenye viwanja 100 na kuendelea ziweke nyaraka zao katika tovuti, ili mwanachama asihitaji kubisha hodi kwa mtu anayemshuku. Ni hatua njema. Lakini haimfai asiyefungua tovuti hiyo, na wasiofungua ni wengi, kwani ugonjwa mkubwa wa jumuiya za Marekani ni viti vitupu. Mkutano wa mwaka huahirishwa kwa kukosa akidi, wajumbe wale wale hurudi kwa kura chache, na majirani waliokuwa na ghadhabu nyingi juu ya ada hubaki nyumbani wakitazama mpira. Katika hili mkutano wa mtaa wetu, pamoja na kelele zake na wale wanaosema bila kupewa nafasi, umewazidi.

Lakini wizi, nimekuja kuamini, si hatari iliyo kubwa kuliko zote. Hatari iliyo kubwa ni fedha ambayo haikutozwa. Bodi inayopandisha ada huchukiwa, na bodi inayoishikilia pale pale mwaka baada ya mwaka husifiwa kwa uangalifu na kuchaguliwa tena, ilhali inachofanya ni kula paa la nyumba kimya kimya na kuwaachia bili watakaokuja.

Usiku wa tarehe 24 Juni 2021, watu wakiwa usingizini, jengo la Champlain Towers South, lenye ghorofa kumi na mbili, lililojengwa mwaka 1981 katika mji wa Surfside, Florida, liliporomoka, na watu 98 wakafa. Habari za zege na nguzo ni za wahandisi. Mimi nilisoma habari za mikutano. Mwaka 2018 mhandisi alikuwa ameiandikia bodi kwamba zege chini ya sitaha ya bwawa limeharibika vibaya kwa kuwa maji hayana pa kutokea. Mwaka uliofuata wajumbe wengi wa bodi walijiuzulu kwa kuchoshwa na mabishano. Akiba haikufika dola milioni moja, na kazi iliyotakiwa ilikuja kukadiriwa takriban dola milioni 15, hata Aprili 2021 ukapitishwa mchango maalumu ambao kwa mwenye nyumba ndogo kabisa ulianzia dola elfu themanini. Sheria ya Florida ya wakati huo iliwaruhusu wanachama kupiga kura na kujisamehe kuweka akiba, nao, kama wangefanya binadamu wengi, walijisamehe. Mwaka 2022 jimbo liliwaondolea ruhusa hiyo wakazi wa majengo ya ghorofa tatu na zaidi, kwa vitu vinavyoshikilia jengo. California yadai kwamba walau kila miaka mitatu mali ya pamoja ikaguliwe ili ijulikane kinachochakaa na kinahitaji akiba gani. Texas, kwa jumuiya za nyumba za chini, imeliacha jambo hilo mikononi mwa bodi, na hilo naliona ni upungufu.

Anayedhani kwamba habari hii ni ya Wamarekani na majumba yao ya pwani na apite Mji Mkongwe wa Zanzibar wakati wa masika. Humo zimo nyumba nyingi za wakfu, walizoziacha watu wa kale kwa ajili ya misikiti, mafukara au vizazi vyao, na ambazo leo ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hapana mila yenye fikra kali zaidi juu ya mali ya wengine kuliko wakfu: mutawalli, yaani msimamizi wake, si mwenye mali, hana ruhusa ya kuuza, na fakihi wengi wamefundisha kwamba pato la wakfu lianze kuutengeneza wakfu wenyewe kabla ya kugawiwa wanaostahiki. Lakini kodi za nyumba hizo, kwa huruma na kwa desturi, zilibaki ndogo kwa miaka mingi, na kodi ndogo hainunui boriti wala chokaa. Mpangaji alishukuru, mvua ikapenya, na ukuta wa mawe ya matumbawe ukaanza kuachana na sakafu. Kanuni tulikuwa nayo karne nyingi kabla ya Texas kuwa jimbo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema hadharani kwamba kodi haitoshi, na watu wa kuistahimili kauli yake.

Kuna jambo moja ambalo sitamani livuke bahari. Asiyelipa ada Marekani, deni lake hushika nyumba yake, na jumuiya yaweza kuipeleka nyumba mnadani. Huko Frisco, Texas, nyumba ya kapteni wa jeshi aliyekuwa vitani Iraki iliuzwa kwa deni la ada lisilotimia dola 1,000, akarudishiwa baada ya kesi na kelele za magazeti. Sheria zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2012 zimepunguza ukali: sasa yatakiwa amri ya mahakama kabla ya mnada, na mdaiwa ana haki ya kupewa mpango wa kulipa kidogo kidogo; kuuza nyumba kwa faini tupu za nyasi kulikwisha kukatazwa kabla ya hapo. Bado mnada upo. Mjumbe wetu mwenye daftari lililochanika hupita mlango wa mjane bila kubisha, na kijana asiye na fedha huchukua sepetu akalipa kwa jasho. Hakuna kifungu kilichomfundisha hayo, na sioni kampuni ya usimamizi itakayojifunza.

Nayasema haya kwa sababu majengo ya fleti yanazidi kuota Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Unguja, na wanunuzi wake wengi ni sisi tulio mbali. Sheria ziko: Tanzania Bara ilitunga mwaka 2008 sheria ya kumiliki sehemu ya jengo, Zanzibar ikatunga ya kondominio mwaka 2010, na Kenya ikaifanya upya yake mwaka 2020, zote zikiwaweka wenye fleti katika chombo kimoja cha kusimamia ngazi, lifti, paa na matangi ya maji. Lakini mnunuzi wa ughaibuni huuliza bei ya fleti, upana wa sebule na kama bahari yaonekana. Ada ya huduma huiuliza mwisho, na akiambiwa ni ndogo hufurahi.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujatuma malipo ya kwanza, omba kuonyeshwa hesabu za jengo za mwaka uliopita, jina la benki iliko akiba, na kiasi kilichotengwa kwa lifti na paa. Omba kwa adabu, wala usione haya. Wakikataa kukuonyesha, usinunue.