Kabla Hujatuma Arbuni ya Shamba la Mlimani

Mlalo, Lushoto

Mwanangu Hemedi,

Salamu zako nimezipata, na ile video pia. Binti wa jirani alinifungulia kwenye simu yake tukaitazama mara mbili, maana mara ya kwanza yeye alikuwa anacheka tu kwamba kuna mtu anatoka Dar es Salaam kuja kununua jabali. Nimeliona hilo shamba la ukingoni upande wa Mambo, na nyika ya Mkomazi kule chini. Nimekusikia ukisema utajenga nyumba ya mbao, utafunga sola, utaishi bila kumtegemea TANESCO wala mtu wa bomba, na wenzako watakuja kupiga mahema na kupanda milima. Sikukatazi. Hewa ya huku Wajerumani waliipenda hata mji wa Lushoto wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, na wewe una haki kuwazidi, kwa kuwa babu yako amezikwa hapa. Ila katika maneno yako yote hukuuliza hata mara moja nani anaishi jirani na hapo. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza.

Ardhi ya kijijini hainunuliwi kama pikipiki, ukampa mwenyewe pesa akakupa ufunguo. Nchi hii ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Sisi tunamiliki haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji, iisimamie kwa niaba ya wanakijiji. Mwenye shamba akitaka kumpa mtu asiyeishi kijijini, halmashauri lazima iridhie. Sasa elewa: muhuri wa mwenyekiti uliogongwa jioni dukani juu ya karatasi ya daftari, dalali akiwa amesimama pembeni, si ridhaa ya halmashauri. Kikao kikae, muhtasari uandikwe, upewe nakala. Ukishapokewa ndipo ufuatilie hati ya hakimiliki ya kimila.

Na kabla ya hapo muulize muuzaji habari za nyumbani kwake. Mke anajua? Ndugu zake wamekubali? Ile mikalitusi ya pembeni aliipanda nani? Huku mtu anaweza kuuza shamba na mjomba wake akaja mwaka unaofuata kuvuna miti yake, na atakuwa na mashahidi. Tembea shamba zima kwa miguu, pamoja na wazee wa pande zote nne, wakuoneshe masale ya mpakani. Ukikuta masale mengine yamesimama katikati ya shamba penye mawe yaliyopangwa, usipige picha. Uliza ni kaburi la nani.

Uliza njia pia, na hili ninalisema kwa sababu nimeliona. Kuna mtu wa mjini alinunua shamba zuri kijiji cha jirani, karatasi zake safi kabisa. Jambo la kwanza akazungusha seng'enge, na ndani ya seng'enge ikabaki njia ya kushukia chemchemi. Njia yenyewe ina upana wa nyayo mbili, haina kibao, majani yameifunika kingo. Mgeni angeiona mfereji wa mvua. Kumbe kitongoji kizima kinachota huko. Akina mama wakawa wanazunguka na ndoo kichwani, hawakumsemesha kitu. Asubuhi moja seng'enge ikakutwa imekatwa. Mwenyekiti akauliza, hakuna aliyeona. Akafunga tena, ikakatwa tena. Akaweka mlinzi, na mlinzi mwenyewe ni mtoto wa kitongoji hichohicho, sasa niambie wewe. Baraza la ardhi la kijiji likawapatanisha, njia ikaachwa wazi. Lakini mpaka leo gari lake likizama kwenye tope, watu wanakuja kulisukuma kwa mwendo wa kwenda sokoni.

Babu yako alichimbishwa matuta ya Waingereza hapa Mlalo, katika mradi ule ulioanza 1946. Matuta si jambo baya, udongo ulikuwa unateremka kweli na mpaka leo unateremka. Lakini yaliletwa kwa amri na faini, na watu wakayagomea hadi yakaachwa. Wewe huna askari wala faini. Una msaragambo: siku kijiji kinapotengeneza barabara, njoo na jembe lako, uonekane na tope. Usitume hela ya soda ukadhani umeshiriki.

Maji sasa. Nimefundisha hesabu miaka mingi, kwa hiyo nivumilie. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 linakupa lita 1,200, pungufu kidogo kwa zinazorukia nje. Watu wawili mkitumia lita 50 kila mmoja kwa siku, tangi la lita 5,000 likiwa limejaa litawachukua siku 50. Masika inaisha mwezi wa tano, vuli unaisubiri mwezi wa kumi. Katikati hapo ni siku 120 na zaidi, ambazo ni lita 12,000 na ushee. Mvua za kurukaruka usiziweke kwenye hesabu. Bado hujaalika wenzako, ambao wakishuka mlimani watataka kuoga. Na usiniambie utajenga kando ya kijito ili uvute kwa pampu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto.

Umetumiwa video ya kiangazi. Njoo uitazame sehemu hiyo wakati wa masika, barabara ikiwa imegeuka uji, ujue bodaboda inaishia wapi, maana kuanzia hapo kila mfuko wa simenti utapanda kichwani mwa mtu. Itazame miti: shina lililopinda chini kama kiwiko kisha likanyooka linakwambia udongo wa hapo unatembea polepole. Nyufa za ardhi upande wa juu, na maji yanayotoka mahali ambapo jana hapakuwa na maji, ni habari mbaya zaidi. Usimruhusu fundi akuchongee mlima kwa katapila apate tambarare ya nyumba. Huko ndiko maporomoko yanakoanzia. Nyumba ndogo yenye ngazi ngazi inakutosha, wewe ni kijana.

Sola funga, ni nzuri, sisi wenyewe tunazo. Ila mwezi wa saba ukungu unaweza kukaa mpaka mchana, na pale ukingoni kilima kiko nyuma yako upande wa mashariki, jua litakufikia limechelewa. Piga hesabu ya betri kwa siku za namna hiyo. Baridi ya msimu huo inawafanya watu wa pwani wafanye ujinga: wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga madirisha, wanalala. Gesi ya mkaa haina harufu na inaua mtu usingizini. Kwa hili sibishani nawe wala na mtu yeyote. Jiko linalala nje. Na kuni za msituni usizifikirie. Msitu wa Magamba uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, hata kuingia kutembea hulipiwa, sembuse kukata mti.

Ushauri wangu ni kwamba usinunue mwaka huu. Panga chumba Mambo au hapa Mlalo, ulipe kodi ya mwaka mzima. Haitafika hata sehemu ndogo ya bei waliyokutajia. Milima itapandika vilevile, na njia ya kutoka Lushoto kwa miguu hadi Mtae kupitia Rangwi haimuulizi mtu hati. Ukiwa mpangaji utamjua nani mwongo, chemchemi ipi inakauka, na watu nao watakujua.

Kuhusu shamba lenyewe, nimeshaulizia. Huyo anayekuuzia tunamfahamu, ni mtoto wa tatu katika watoto wanne. Mkubwa wao yuko Mererani na hana habari kwamba shamba la baba yao liko sokoni. Mdogo anasema alisikia kwa dalali, kama wewe. Kwa hiyo arbuni usitume, hata ile "ya kumshikia tu." Basi la Mlalo linaondoka Dar alfajiri. Panda Ijumaa, njoo na koti na mabuti ya mpira, Jumamosi nitakupeleka kwa mama yao.

Msalimie mama yako na watoto.

Ni mimi shangazi yako.