Sekunde Kumi

Kila mtaa Nairobi una saiba moja inayojua siri za watu. Ya kwetu ni ya Mama Saiba. Pita pale mwisho wa mwezi wa sita uone: soja, fundi wa mjengo, mwalimu wa chekechea, wote kwa foleni na vikaratasi vyenye PIN ya KRA na paswadi iliyoandikwa kwa biro, maana ritani lazima ziingie kabla tarehe 30 Juni haijaisha. Siku hizo chache ndizo humlipia Mama kodi ya duka.

Basi Jumamosi tarehe 28, diski ya fayawoli ikafa.

Fayawoli yenyewe si maajabu. Ni kompyuta ya ofisi ya mitumba yenye kadi tatu za mtandao, na juu yake pfSense, ile programu ya bure iliyochipuka kutoka m0n0wall mwaka 2004. Faiba inaingia kadi ya kwanza, kompyuta za Mama ziko kwa ya pili, waifai ya wateja kwa ya tatu, na hizo mbili za mwisho hazionani. Ningeweza kuiruka, nichomeke faiba moja kwa moja kwa swichi, maisha yaendelee. Lakini hapo simu ya kila anayengoja fotokopi ingekaa mtandao mmoja na mashine yenye paswadi za mtaa mzima. Mama alikataa kabla sijamaliza sentensi.

"Kijana wangu, hawa watu wananiamini."

Nikafunga SSD mpya, nikashusha faili kwa bando za simu (uchungu!), nikaiandika kwa flashi, nikawasha. Menyu ikaja. Maandishi meupe yakakimbia, roho ikatulia. Halafu yakagoma hapa:

mountroot>

Juu yake, hitilafu namba 19. Ni FreeBSD, mfumo ulio chini ya pfSense, unasema hauoni diski ya kuanzia. Sasa niambie: umetoka kwa flashi sekunde chache zilizopita, halafu huioni flashi? Ni kama mtu ashuke matatu akuulize kama kuna matatu imepita.

Flashi za Luthuli zina stori zao. Imeandikwa GB 64, ndani kuna nane, na inameza data bila kulalamika. Kwa hivyo nikasoma nilichoandika, nikalinganisha na faili. Sawa. SHA256 pia sawa. Flashi ya pili, jibu lile lile. Nikatoka tundu la buluu la USB 3 nikaenda lile jeusi la nyuma. Wapi.

Nikaandika alama ya kuuliza pale mountroot, nikabonyeza enta. Hiyo huorodhesha diski inazoziona. SSD ilikuwepo, flashi hakuna. Nikiwa bado natazama, mstari mpya ukajitokeza chini, polepole kama mgeni aliyechelewa mazishi: da0, na jina la kampuni ya flashi.

Kumbe ilikuwa inakuja. Mwanzoni ni bayosi ndiyo husoma flashi. Kerneli ikishaingia inachukua usukani na kuanza kutafuta vifaa vya USB upya, kivyake. Kwa mashine hii ya zamani flashi ilikuwa inachelewa kuitika, na kerneli haikuwa na subira.

Nikazima, nikawasha, nikachagua namba 3 kwa menyu, nikaandika:

set kern.cam.boot_delay=10000
boot

Hizo ni milisekunde. Skrini ikaganda, Mama akanitazama, nikatazama ukuta. Kisha ukurasa wa kuinstoli ukafunguka kama hakuna kitu kilichotokea.

Mipangilio ya zamani ilikuwa kwa imeili yangu, faili moja tu, config.xml. Nikairudisha, kadi zikajipanga, saa tatu usiku intaneti ikarudi. Mama alifungua iTax kuhakikisha, akaifunga, akavuta kiti karibu.

"Sasa hii mashine yako inaweza kufunga TikTok kwa waifai mpaka Jumanne?"

Inaweza. Tukaanza.