Ukimkwaruza, Anazaana



Juzi niliweka hapa picha ya tangi la samaki, nikapata maswali mengi kuliko ninayopata nikiweka mahubiri. Wengi mliuliza yale "maua" ya kahawia juu ya mawe ni nini. Dada mmoja akasema ni mazuri, angependa kuwa nayo nyumbani. Dada yangu, usiyatamani. Hayo si maua, na ndiyo sababu mchungaji wenu amekuwa akishika sindano kila Jumatatu tangu mwezi wa pili.

Tangi si langu. Ni la mzee mmoja wa kanisa letu hapa Mombasa, fundi mitambo aliyestaafu, na amenipa ruhusa kusimulia yote nitakayosimulia leo. Ndani mna lita kama 400 za maji ya bahari, mawe, matumbawe na samaki sita. Siku hizi mikono ya mzee inatetemeka, kwa hivyo yeye anaelekeza na mimi ninafanya. Jumatatu ndiyo siku yangu ya kupumzika. Kuna wachungaji wanaocheza gofu.

Mnyama huyo anaitwa aiptasia. Ni anemoni, jamaa wa matumbawe na wa yavuyavu. Kama umewahi kupanda mashua ya kioo kule Watamu, umeona anemoni wakubwa ambao wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe hujificha ndani ya minyiri yao. Hao ni baraka. Huyu wa tangini ni mdogo, sentimita mbili tatu, mwili unapitisha mwanga, minyiri imechongoka. Huingia akiwa amejibandika kwenye jiwe au kipande cha tumbawe, pengine mdogo kama punje ya mchele, na hakuna anayemwona. Akishatulia, minyiri yake huwachoma majirani. Tumbawe lililo karibu naye linajikunja, siku ya pili halifunguki, na mwisho wake linabaki mfupa mweupe.

Kumwua kwa njaa ni kazi ngumu. Anakula chochote kinachopita majini, na zaidi ya hapo amebeba mwilini mwani mdogo sana, usioonekana kwa macho, unaomtengenezea chakula kutokana na mwanga. Ukipunguza chakula, taa inamlisha. Ukizima taa, makombo ya samaki yanamlisha. Na ukiziacha taa zimezimwa siku nyingi, watakaotangulia kufa ni yale matumbawe unayotaka kuyaokoa. Ni kwa sababu ya ugumu huu wanasayansi wanamfuga katika maabara zao, wapate kujifunza jinsi matumbawe yanavyoishi na mwani wa namna hiyo, na kwa nini yanaupoteza na kupauka bahari inapopata joto. Kwa hivyo simwiti shetani. Mungu alimuumba na kazi yake anayo. Shida ni mahali alipo.

Sasa sikiza hii. Alianza mmoja. Mjukuu wa mzee, kijana mwenye bidii, alipoambiwa kwamba yule ni adui, akachukua kisu akamkwaruza mpaka jiwe likang'aa. Nyumba yote ikafurahi. Baada ya wiki chache tulihesabu 34.

Anemoni huyu hahitaji mwenzake ili azae. Kipande kidogo cha wayo wake kikibaki kwenye jiwe, kinaota minyiri na kuwa anemoni kamili. Hata akiwa na amani zake, akisogea tu anaacha vipande nyuma. Kwa hiyo kisu cha yule kijana hakikuua kitu. Kilikuwa kinapanda mbegu, na pampu ikasambaza vipande vingine kila pembe ya tangi, hata nyuma ya mawe ambako jicho halifiki.

Sisi watu wa Roho tunalipenda neno "ng'oa". Kwenye kesha ukilitamka mara tatu, kanisa lote linasimama. Na ni neno la Biblia, sikatai. Yeremia alipewa kazi ya kung'oa na pia ya kupanda. Lakini soma Mathayo 13 uone watumishi waliotaka kukimbilia shambani kung'oa magugu. Mwenye shamba ndiye aliyewazuia, akihofia ngano. Hakuwa anayapenda magugu. Alijua mikono yenye haraka inafanya nini shambani.

Nimeona kanisa moja, sitalitaja, ambapo kulikuwa na mama mmoja mwenye manung'uniko kuhusu pesa za ujenzi. Mtu mmoja tu. Akatajwa madhabahuni Jumapili, mbele ya watoto wake. Kufikia Pasaka manung'uniko yale yalikuwa katika nyumba nne za ushirika, na waliokuwa wakinung'unika wengine hawakuwahi hata kujua hesabu zenyewe. Walichokuwa nacho ni kipande cha aibu ya yule mama. Kikaota.

Turudi kwenye sindano, maana ndiyo mliyoiuliza.

Tunatumia chokaa safi, haidroksidi ya kalsiamu, si ile ya kupaka ukuta. Unaikoroga na maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, unaivuta ndani ya sindano. Kisha unazima pampu zote, maji yatulie kabisa. Hapo ndipo subira inapohitajika. Anemoni huyu akiguswa kidogo tu anajivuta ndani ya tundu la jiwe, na akishaingia humpati tena siku hiyo. Lazima uende polepole sana, kutoka juu, mpaka ncha ya sindano iwe juu ya mdomo wake, katikati ya minyiri. Halafu unaachilia uji kidogo kidogo. Mara nyingi anaumeza mwenyewe akidhani ni chakula. Unangoja kama robo saa kabla ya kuwasha pampu. Ukiharakisha, chokaa inapeperuka na kuangukia matumbawe, nayo yanaungua.

Wala huwezi kuwamaliza wote siku moja. Chokaa hupandisha pH ya maji, na ukiwatibu ishirini kwa mkupuo unaweza kuwaua samaki kwa dawa. Mzee ameniwekea mpaka wa wanne kwa Jumatatu. Mara ya kwanza nilimwomba anikubalie sita. Alinitazama tu juu ya miwani.

Kuna njia nyingine, kuwatafuta walaji wake. Yuko konokono mmoja wa baharini asiye na gamba, anaitwa berghia, ambaye chakula chake ni aiptasia peke yake. Usiku anatoka, anakula, anataga mayai yake kama uzi mweupe uliojizungusha, na aiptasia wakiisha naye anakufa njaa. Huyo hatukumpata hapa kwetu. Wapo pia kamba wadogo wenye mistari myekundu ambao wengi wao humla. Lakini hapo fungua macho, kwa sababu kuna kamba mwingine mwekundu mwenye kibyongo, wanafanana kwa asiyewazoea, na wauzaji wasio waangalifu huwachanganya. Huyo wa kibyongo hula matumbawe. Unamleta mlinzi kumbe umeleta mlaji. Mzee alimkataa mmoja dukani kwa kumtazama mgongo tu, na njiani kurudi tukazungumza sana juu ya Mathayo 7 na wahubiri wanaoalikwa kwa sababu ya bango zuri.

Ilikuwa Jumatatu ya tatu au ya nne, niko nimeinama na sindano, mzee akasema nyuma yangu, "Mchungaji, na sisi kwetu tulikwaruza."

Nikanyamaza, kwa sababu mkono ulikuwa ndani ya maji na kwa sababu nilijua anazungumzia nini. Ana mdogo wake Wundanyi. Walikosana kuhusu shamba la marehemu baba yao. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, mpaka wa miti michache. Kikaitwa kikao cha ukoo, kila mmoja akaambiwa aseme yote yaliyo moyoni, na wanawe mzee wakasema. Walisema hata ya mwaka ambao baba yao mdogo alikuwa mlevi, kabla hajaokoka. Leo ni miaka sita. Hao ndugu wawili wamezeeka, ila sasa watoto wao hawasalimiani, na kuna wajukuu shuleni wasiokaa dawati moja wala hawajui ni kwa nini. Mwandishi wa Waebrania, sura ya 12, anaonya juu ya shina la uchungu linalochipuka na kuwatia wengi unajisi. Kwa miaka mingi nimelihubiri andiko hilo nikikazia shina. Siku ile nilibaki kwenye neno "wengi".

Hakuniuliza afanye nini. Anaijua Mathayo 18 kuliko mimi, kwamba Bwana alituagiza tuanze na ndugu yetu faraghani kabla ya mashahidi na kabla ya kanisa. Jumamosi iliyofuata alipanda matatu hadi Voi, akaunganisha hadi Wundanyi, peke yake, bila mtoto, bila chifu, bila mchungaji. Mimi nilijitolea kumpeleka kwa gari, akakataa.

Aliporudi nilimuuliza ikawaje. Akasema walikunywa chai. Walizungumza juu ya kaburi la mama yao, ambalo linahitaji kujengewa upya. Shamba halikutajwa. "Lakini alinisindikiza hadi stendi," akasema, na akaniambia nizime pampu tuanze kazi.

Amekwenda tena mara mbili tangu hapo. Shamba bado halijatajwa. Wanawe wanamwambia anapoteza nauli.

Jana tulihesabu 11 waliobaki. Wawili wako nyuma ya pampu kubwa, mahali ambapo sindano haifiki, na itabidi jiwe zima litolewe. Tumepanga Jumatatu ya wiki ijayo, kwa sababu Jumamosi hii mzee anasafiri tena. Mkumbukeni katika maombi, yeye na mdogo wake, bila kutafuta majina yao. Na wewe uliyeniandikia usiku kuhusu dada yako, sijakujibu hapa kwa makusudi. Niko ofisini Alhamisi kuanzia saa nane. Njoo peke yako.