Mninga Uliopakwa Jina la Mgeni

Mwezi uliopita fundi aliuza randa yake ya mwisho. Fundi huyo ndiye anayeandika haya, ila anaona haya kujitaja "mimi, mimi".

Alizaliwa Tabora, akaishia darasa la saba, akapanda treni, na kabla ya kuota ndevu alikuwa akifagia maranda Keko, Dar es Salaam. Hayo yatosha.

Mzee aliyemfundisha alizipanga mbao za mninga kivulini, fito katikati ya ubao na ubao ili upepo upite, kisha akasubiri miezi. Mteja mwenye haraka alielekezwa kwa jirani. Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, lakini ukishakauka hauna ugomvi: hausinyai wala haupindi ovyo, ndiyo maana droo yake haikwami hata masika yakileta unyevu. Ubaya wake ni vumbi, maana wengine huwapigisha chafya na kuwabana kifua. Sehemu nyeupe iliyo chini ya gome mzee aliikata yote, ikaenda jikoni. "Hicho ni chakula cha wadudu," alisema.

Ndipo hoteli moja ikaagiza meza 12 za mninga, "rangi ya walnut".

Walnut ni mti wa jozi. Ule mweusi wa Marekani una kiini cha hudhurungi iliyokolea, umetulia, na kwa miaka mingi umechongwa kuwa vitako vya bunduki. Viwanda vya huko huufukiza kwa mvuke ili rangi ya kiini ienee hadi kwenye weupe. Mwenzake wa karakana akadaka hilo la mvuke: kama wao hawautupi weupe, sisi tuutupe kwa nini? Akaupaka rangi ya kopo. Fundi alikataa, mwenzake akapewa kazi, akanunua pikipiki.

Mwaka haukuisha. Chini ya meza vikaonekana vichuguu vya unga laini, na matundu kama ya sindano, yote upande mweupe. Rangi haigeuzi weupe kuwa kiini, vijana, iwe ya mvuke au ya kopo! Aliyeitwa kurekebisha ni fundi yuleyule aliyekataa. Malipo ya meza mbili hajayaona hadi leo.

Jiriwa yake hajaiuza. Kijana anayeitaka aje na ubao wa mninga aliokausha mwenyewe.